Turubai la Injinia

Turubai lenye sura ya binamu yangu Rodelio lilifunika ukuta mzima wa nyumba ya bibi: HONGERA INJINIA, WA TATU KITAIFA!

Msomi wetu akashuka garini, hakusalimu hata kuku, akaanza kujipiga picha mbele ya sura yake mwenyewe.

Bibi akamnyooshea mkono ili mjukuu augusishe kwenye paji lake la uso, salamu ambayo kwetu mtoto huijua kabla ya a-e-i-o-u. Mkono huo, wenye sugu za kumfulia sare za shule, ukabaki hewani.

“Bibi, sogea kidogo, unanizibia jina.”

Bibi akaurudisha mkono, akaufuta kwenye gauni kama aliyeshika uchafu.

“Wewe,” akaniambia, “lete kisu, kata hizo kamba.”

“Bibi! Si limetundikwa jana tu?” Rodelio akamaka.

“Banda la nguruwe linavuja.”