Rangi ya Mwajabu

Mwajabu alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, na mwaka mzima alikuwa akiwauliza wajawazito maswali kutoka kwenye kishikwambi. Kompyuta ililinganisha majibu yao na ya maelfu ya wanawake waliojifungua kabla yao, kisha ikatoa rangi. Mwenye kijani angejifungulia hapo hapo kituoni. Mwenye nyekundu alipelekwa hospitali kuu, maana huenda uzazi ungekuwa wa hatari.

Asubuhi hiyo yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mgonjwa, mimba ikiwa ya miezi minane, na mwenzake Namkunda akawa anauliza.

"Umewahi kujifungua mtoto mfu?"

"Hapana," Mwajabu akajibu haraka.

Kishikwambi kikawaka kijani. Namkunda akacheka. "Hongera, dada. Huyu nitamdaka mwenyewe."

Mwajabu alijaribu kucheka naye, akashindwa. Rangi ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke ambaye hajawahi kuzika mtoto.

"Namkunda, rudi kwenye lile swali. Nimekudanganya. Niliwahi, kabla sijahamia huku."

Namkunda alimtazama, kisha akabonyeza. Kioo chote kikawa chekundu.

"Kwa nini ulinificha, dada?"

"Niliogopa kuiona rangi hiyo."

Namkunda akatoka haraka kumtafuta dereva wa gari la wagonjwa. Mwajabu akabaki peke yake, viganja vyote viwili tumboni, na chini ya viganja hivyo mtoto akajigeuza taratibu, kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia.