Masharubu ya Ndama

"Mama, maziwa ya unga ya watoto bado yako Nairobi," afisa wa misaada alimwambia Nakiru, aliyemfuata mpaka uani kwake Lodwar.

Mtoto mgongoni hakuwa na nguvu hata za kulia.

Gari la serikali lilikuwa limegeuza Kakuma bila kushusha hata gunia moja la maziwa hayo. Gunia moja lilikuwa limetoboka, na Nakiru akaufuata unga uliomwagika njiani kwa miguu mpaka hapa, kama nyayo za mbuzi walioibwa. Sisimizi waliufuata pia, safu moja toka Kakuma, anayebisha akawaulize.

Ndama wa afisa akachungulia, masharubu meupe.

"Na huyu, bwana mkubwa, amerudi lini kutoka Nairobi?"

Afisa akacheka.

"Kwetu, nyayo zikiishia kwako, mwizi ni wewe," Nakiru akasema.

Akamfungua ndama kamba, akaizungusha mkononi, akaitazama shingo ya afisa.