Mkeka wa Bi Mize

Kila nyumba siku hizi lazima iwe na sakafu ya kioo hai. Tone la damu likikiangukia, kioo hulainika kama ute, kisha huota mfupa mweupe usiong'oka hata kwa patasi. Mume akipiga, sakafu inamsema.

Ndiyo maana siku ya harusi mama mkwe wangu, Bi Mize, alinipa mkeka wake wa zamani. "Utandike jikoni, mwanangu. Ulinisitiri mimi kabla mume wangu hajasafiri."

Leo mchana wali uliungua. Mume wangu Makame akanikamata nywele, akanibamiza mdomo kwenye meza, nikatema jino na damu juu ya mkeka. Alipoinua mkono tena nilimpiga shavuni kwa mchi. Taya likapasuka, akaangukia nje ya mkeka kifudifudi, mfupa wazi juu ya kioo.

Kioo hakijui kuchagua. Kililainika chini ya shavu lake, kikawa cheupe, kikashikana na mfupa wake.

"Nivute," alikoroma. Nikamvuta mabega. Alipiga yowe, lakini shavu halikubanduka.

Bi Mize aliingia bila kupiga hodi. Alimtazama mwanawe, akautazama mdomo wangu.

"Mama, nisamehe," nilisema.

Alifunga mlango, akauvuta mkeka, akamfunika Makame kuanzia kichwani, naye angali anakoroma. Akaunyoosha kwa viganja, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgeni.

"Baba yake hakusafiri, mwanangu," alisema.