Mlango wa Jiko la Bi Zawena

Kishkwambi cha Mwahija, mhudumu wa zahanati, kilionyesha kwamba Bi Zawena ameifungua programu ya presha ya kwenye simu mara moja tu kwa miezi mitatu.

"Bibi, hapa inaonekana huitumii. Itabidi nichukue mashine ya kupimia tuliyokupa, nimpe mwingine."

"Mjukuu wangu, simu ni ya mkwe wangu. Ilikaa hapa siku moja, nikasoma maagizo yote, akaondoka nayo. Hebu njoo."

Mlango wa jikoni ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, juu mpaka chini. Juu kabisa yalikuwa maagizo ya programu, neno kwa neno. Chini yake yalifuata majina sita, lake na ya majirani watano, na presha ya kila mmoja, kila asubuhi. Hakuna siku iliyorukwa.

Mwahija alitafuta kwenye kishkwambi mahali pa kuuandika mlango ule. Hapakuwepo.

"Na wewe unayepima watu," Bi Zawena alisema, "umepimwa lini?"

Mwahija alikishusha kishkwambi.

"Kunja mkono wa gauni, ukae."

Mashine ikaanza kuvuma. Bi Zawena aliandika jina la saba, kisha akasimama wima kando ya mlango wake, mkaa mkononi, akiisubiri namba.