Jeneza Nyuma ya Kamba

Mzee alikuwa ameshaivuka kamba nyekundu na kulishika jeneza mguu pale Hudson alipomwahi.

"Vitu vya humu havishikwi, mzee," alisema, akamrudisha nyuma taratibu.

Hudson hakuwa mtu mbaya. Mtu wa bara tu, mgeni Shela, aliyeajiriwa kulinda jumba la maonyesho ambalo wakubwa walilifungua kwa ngoma na kamera, kisha wakapanda boti zao wasionekane tena. Alichokiona yeye ni mzee mwenye kikoi kilicholowa maji, mikono inanuka kafuri.

Mzee akamweleza. Mkewe, Bi Mwanamkisi, amefariki alfajiri. Ameshaoshwa, anazikwa baada ya adhuhuri. Na hili ndilo jeneza la wanawake la msikiti wao, lenye matao ya mti juu yake, nguo ikitandazwa umbo la maiti lisionekane. Fundi alilipima kwa vichochoro vya mtaa. Wakubwa walipolichukua kulifanya pambo waliwaletea la chuma, refu, lisilokata kona. Kwani wao huzika wapi, hata wajue kona? Mwezi uliopita Bi Maram alipofikishwa konani ilibidi asimamishwe wima. Sanda ikateleza, wanaume wakageuza nyuso ukutani. Mwanamkisi aliyasikia hayo akiwa kitandani. Akaomba jambo moja tu: yeye asisimamishwe.

"Niazime hadi alasiri, mwanangu. Nitalirudisha mwenyewe."

Hudson akawapigia wakubwa. Wa kwanza alikuwa mkutanoni. Wa pili akacheka, akauliza kama watu wa Shela hawafi mpaka wachongewe nakshi, akakata simu.

Mlangoni alisimama Barka, kaka wa marehemu. Hakutaka hata kukanyaga ndani.

"Watu wangoja ndiani, shemeji," alisema, akionyesha njia nyuma yake. "Toka. Wewe kunena umenena, yametosha."

Mzee hakutoka. Hudson, kwa huruma, akadhani labda hajui kusoma, akamsomea polepole maandishi ya ukutani. Yalikuwa maneno ya Daktari Abdulwahid, mwanafalsafa na mhakiki wa sanaa, na wakubwa walikuwa wameyashika kama fatuwa: "Kitu kizuri kikiwa kazini, kazi yake hutuziba macho. Kitoeni kazini, kisiguswe tena, ndipo mtakiona."

"Basi, mwanangu. Usiendelee."

"Huyu ni msomi mkubwa, mzee. Naambiwa wazee wa msikiti walikataa katakata kulitoa. Walipoletewa maneno yake ndipo wakanyamaza."

Mzee alilitazama jeneza kwa muda. Lilikuwa limepakwa mafuta, linang'aa, taa imelielekea. Hata alipokuwa akilibeba begani miaka yote ile, hakuwahi kuliona vizuri hivyo.

"Na yeye mwenyewe akikuomba?" aliuliza.

Hudson akainyoosha ile kamba nyekundu, ikakaa sawa.

"Yakishaandikwa yameandikwa, mzee wangu. Hata aje hapa alie, halitoki."

Daktari Abdulwahid akafuta macho kwa pembe ya kikoi, akatoka kwenda kumsaidia shemeji yake kulibeba lile la chuma.