Nyuma ya Mkeka

Mimba ilipoingia mwezi wa nane, Mwasiti aliacha kupigana na hamu ya udongo. Nyumba ikibaki tupu, alikaa sakafuni chumbani, akaumegua ukuta kwa kucha, akala. Siku hiyo alitaka mahali pasipoonekana, akainua mkeka uliotundikwa ukutani tangu kabla hajaolewa.

Nyuma yake palikuwa na shimo. Lilikuwa usawa wa mdomo wake, limechimbwa hadi likalainika kama bakuli, na ndani yake mlikuwa na michirizi ya vidole vinne.

"Umeliona," alisema mama mkwe wake, amesimama mlangoni.

Mwasiti alimeza haraka. "Nani alikula hapa, mama?"

"Mimi."

"Ulipokuwa na mimba ya mume wangu?"

"Kabla yake."

"Lakini yeye ndiye kifungua mimba wako."

"Ndivyo tunavyosema."

Mama mkwe akaketi taratibu kando yake, akaingiza vidole shimoni. Kila kidole kilipata njia yake. "Huyo wa kwanza alikuwa akicheza sana tumboni. Halafu siku moja, nimekaa hapahapa, akatulia."

Alitoa mkono umejaa vumbi jekundu, akauweka juu ya tumbo la Mwasiti.

"Leo amecheza?"

Mwasiti alijaribu kukumbuka. Akaweka mkono wake juu ya ule wa mama mkwe. Wakaiacha mikono hapo, kama watu waliodhani wamesikia hodi, wakawa wanangoja ipigwe tena.