Ukuta wa Materinite

"Ile nyumba ilijengwa, ikaisha," Hilaire alisema, akinyoosha kidole kwenye picha kubwa iliyotundikwa mbele ya ukumbi wa parokia. "Ni hawa ndio waliiba matofali."

Hawa walikuwa wanaume sita wa kijiji cha kilomita ya kumi na mbili, barabara ya Opala, waliokaa kwenye benchi kati ya polisi wawili. Hilaire ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi. Picha ilionyesha materinite yake, nyumba ya kuzalia wanawake: ukuta mweupe, dirisha la vyuma, dimbwi la mvua mlangoni. Mahali penyewe palikuwa na majani tu, marefu kupita mtu.

Lambert alikaa safu ya tatu, hajui mikono yake aiweke wapi. Mkewe, Angèle, aliiona picha hiyo kwenye simu. Uchungu ulipomshika, badala ya kuvuka mto kwenda mjini kama wanawake wote wa Lubunga, alipanda pikipiki mpaka kilomita ya kumi na mbili. Akakuta majani. Wakamgeuza kumrudisha, damu ikamwishia njiani, akafa. Mtoto alipona. Lambert alikuwa Opala kwa kazi. Kabla ya kuondoka alikuwa na neno moja la kumwambia mkewe, asimwambie. Miezi minane sasa, neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wakubwa ndivyo walivyo. Wanaamuru, wanatia sahihi, wanakula; maskini akifa, wanatafuta maskini mwingine wa kufunga.

"Shemeki, sema," Florentine akamnong'oneza. Huyu ni dada yake Angèle, ndiye aliyemchukua mtoto. Alikuwa amembeba mgongoni. "Wewe unajua mambo ya mafoto. Hawa watu wanaenda jela hivi hivi."

Kweli, Lambert alikuwa na kibanda cha kuchapa foto za paspoti sokoni. Akasimama.

"Hiyo si foto, mama," alimwambia Mama Nadège, mkaguzi aliyetumwa kutoka Kinshasa. "Iko kazi ya kompyuta."

Hilaire akacheka bila kumtazama. "Papa, ulisoma mpaka wapi?"

"Primaire ya sita."

"Bon. Tumepata profesa."

Watu wakacheka. Mama Nadège akainua kalamu, wakanyamaza. "Mwacheni aeleze."

Lambert akasogea mbele. "Ndani ya kompyuta ukuta unazaliwa wa kijivu, mtupu. Mutu anakaa, anaandika maneno ya kuufundisha mwanga: hapa chokaa ni kavu, hapa imekunywa mvua, fanya giza kidogo, ng'aa kidogo. Wenye kazi wanaita sheda. Hata maji ya mlangoni ni sheda. Angalia, mama: kwa mbali dimbwi linaonyesha dirisha, lakini ukikaribia unaona udongo chini yake. Ndivyo maji yanavyofanya. Mwenye kuyafanya aliteseka nayo siku nyingi."

"Na uchafu?" Mama Nadège alikuwa amevaa miwani, amekaribia picha. "Nyumba mpya, lakini naona ukungu, naona michirizi mitatu chini ya dirisha. Nani anachora uchafu?"

"Ukuta safi, jicho linaukataa. Uchafu ndio unadanganya watu. Lakini uchafu ni vigumu kuubuni. Donc unatafuta ukuta wa kweli, unaupiga foto, unaipa kompyuta."

"Basi ukuta huu uko mahali."

"Iko."

Hapo Hilaire akamtazama kwa mara ya kwanza. "Fikiri vizuri, papa Lambert," alisema polepole.

Lambert akawaangalia wale sita. Mmoja alikuwa mzee. Polisi walikuwa wamemnyang'anya kamba za viatu, ndimi za viatu zimening'inia nje.

"Si mbali," akasema. "Twende kwa miguu."

Wakatoka yeye, mkaguzi, Hilaire na polisi mmoja, Florentine nyuma yao. Wakavuka reli, wakapita sokoni, wakaingia kwenye njia ya mashamba ya mihogo. Katikati ya mihogo Florentine akaanza kubaki nyuma.

Wakatokea nyuma ya nyumba ndogo ya chokaa. Mama Nadège akainua simu yenye picha, akaiweka kando ya ukuta. Ukungu ulikuwa uleule, umepanda vilevile kutoka chini. Ufa uleule. Na kwenye kimo cha kiuno, mahali ambapo mwanamke anayepika nje hujifuta mikono, michirizi mitatu ya mafuta ya mawese.

Aligeuza macho kutoka simu kwenda ukutani. Kisha akamwambia polisi, "Rudi ukawafungulie wale sita. Na huyu bwana rudi naye, asiende popote." Hilaire alikuwa ameshaanza kumpigia dereva wake.

"Sasa namtaka na fundi wake wa picha," mkaguzi akasema. "Nani anakaa hapa?"

Florentine alikuwa amemshusha mtoto mgongoni, amemkumbatia kifuani kwa mikono miwili, anarudi kinyumenyume ndani ya mihogo. Lambert akazunguka mpaka mbele ya nyumba, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango.